Huduma ya Mgonjwa Nyumbani: Tutajuaje Kama ni Nzuri?

Leo tuzungumze juu ya mgonjwa ambaye hayumo hospitali wala zahanati. Yumo nyumbani. Amelala kitandani, au juu ya mkeka. Pengine ni mzee aliyepooza upande mmoja wa mwili. Pengine ni kijana anayemeza dawa za kifua kikuu. Pengine ni mama mwenye saratani, ambaye hospitali imemrudisha nyumbani ili atunzwe na ndugu zake.

Wagonjwa wa namna hii wapo Mpanda mjini. Wapo Inyonga, wapo Mishamo, wapo Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Mkoa wetu wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ukakatwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Ni mkoa mpana wenye misitu mingi. Nyumba ziko mbalimbali. Wakati wa masika mito hujaa na njia hukatika. Haiwezekani kila mgonjwa abebwe kila wiki kupelekwa hospitali. Kwa hiyo wengi hutunzwa nyumbani.

Ili kuwasaidia wagonjwa hawa, tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa ni wanakijiji wenzetu waliofundishwa. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu 137,294 nchini kote katika muda wa miaka 5. Ni jambo jema sana.

Lakini kuna swali moja. Mhudumu anapokuja nyumbani kwako, utajuaje kama huduma yake ni nzuri? Je, kuja tu kunatosha?

Mimi nilidhani kunatosha. Nilikosea. Nitawaeleza.

DAFTARI LENYE ALAMA NZURI

Katika kijiji kimoja alikuwako mzee aliyepata kiharusi. Mkono na mguu wa upande mmoja vilikufa ganzi. Hakuweza kujigeuza. Alirudishwa nyumbani kutoka hospitali, na mhudumu wa kijiji akapewa kazi ya kumtembelea mara moja kila wiki.

Kila mwisho wa mwezi mhudumu alileta daftari lake zahanati. Nililitazama. Kwenye jina la mzee kulikuwa na alama ya vema kila wiki. Wiki 8, vema 8. Nilitia sahihi yangu. Hata katika mkutano nilimsifu mhudumu yule mbele ya wenzake.

Siku moja mkwe wa yule mzee, mke wa mwanawe, alileta mtoto kupimwa uzito. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama mlangoni akitazama chini.

"Una shida gani, mama?" nilimwuliza.

"Daktari, baba mkwe ananuka. Sijui ni mgongo. Mimi siwezi kutazama."

Nilichukua baiskeli nikaenda. Nilimwamkia mzee, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kwa sauti ndogo. Nilimwomba ruhusa nimgeuze. Juu ya matako, pale penye mfupa, nilikuta kidonda cha upana wa kiganja changu. Kilikuwa kimechimbika. Shuka lilikuwa limegandia.

Nilimwuliza mhudumu, "Wiki hizi zote ulikuwa unakuja kweli?" Akasema ndiyo. Majirani nao wakasema ni kweli, alikuwa anakuja. Alikuwa anasimama uani, anasalimu, anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Watu wa nyumba wanajibu, "Hajambo kidogo." Kisha anatia vema, anakwenda nyumba nyingine.

Basi daftari halikusema uongo. Mzee alitembelewa mara 8. Lakini hakuna mtu aliyeutazama mgongo wake.

Na kulikuwa na jambo jingine. Wana wa mzee walikuwa kambini shambani, kwenye tumbaku. Mke wa mzee naye ni mzee, hana nguvu. Mtu mwenye nguvu pale nyumbani alikuwa yule mkwe. Na kwa heshima ya desturi, mkwe hawezi kumvua nguo baba mkwe wake. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamgeuza. Mhudumu hakuuliza, "Nani anamgeuza mzee?" Nami sikumwuliza mhudumu. Nilihesabu vema, nikatia sahihi.

Mzee alipelekwa hospitali. Alipona, lakini kidonda kilichukua miezi mingi kufunga. Aliumia kwa kitu ambacho kingeweza kuzuiwa bila dawa yoyote. Kilihitaji mikono ya kumgeuza tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuona ukuta umeanguka wakati daftari linasema mambo ni mazuri.

MAMBO 3 YA KUTAZAMA

Swali la kupima ubora wa huduma si letu peke yetu. Mwaka 1966 daktari mmoja aitwaye Avedis Donabedian aliandika juu ya jambo hili. Alizaliwa Beirut, akafanya kazi Marekani. Alisema kwamba ukitaka kujua kama huduma ya afya ni nzuri, tazama mambo 3. Mafundisho yake hutumika duniani mpaka leo.

Kwa sisi wakulima si vigumu kuyaelewa. Fikiri juu ya shamba la mahindi.

Jambo la kwanza: Una jembe? Una mbegu? Una watu wa kulima? Haya ni mahitaji ya kazi.

Jambo la pili: Ulipanda kwa nafasi? Ulipalilia kwa wakati? Huu ni ufanyaji wa kazi.

Jambo la tatu: Ulivuna magunia mangapi? Haya ni matokeo.

Mtu anaweza kuwa na jembe zuri lakini asilime. Mwingine analima sana lakini hapalilii. Na mwingine anafanya yote vizuri, kisha mvua inakataa. Kwa hiyo hatutazami jambo moja tu. Tunatazama yote 3. Huduma ya mgonjwa nyumbani ni vivyo hivyo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Lakini kampeni ile haikuishia kwenye kusikiliza. Watu walikwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba na kusafisha visima. Kikundi kilichosikiliza vipindi vyote bila kuchimba choo hakikuwa kimemaliza kazi.

Sasa tulitazame kila jambo.

JAMBO LA KWANZA: MAHITAJI YA KAZI

Mhudumu anayekwenda kwa mgonjwa anatakiwa awe na nini?

Kwanza awe amefundishwa. Pili awe na sabuni, mipira ya kuvaa mikononi, vitambaa safi vya kufungia vidonda, na daftari. Tatu awe na njia ya kufika. Kama nyumba iko kilomita 15 na hana baiskeli, si haki kumlaumu akikosa kufika. Nne awe na mtu wa kumwuliza akishindwa. Yaani zahanati imsikilize, na imtembelee kazini.

Awe pia anaweza kusemezana na mgonjwa. Katavi ni nyumbani kwa Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Pia tunao Wafipa, Wasukuma, Waha, na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo ambao wazazi wao walikimbia mauaji Burundi mwaka 1972. Wapo wazee ambao Kiswahili chao ni kidogo. Mzee wa namna hiyo akiulizwa, "Unaumwa wapi?" atatikisa kichwa tu. Huyo apelekewe mhudumu anayejua lugha yake, au mtu wa nyumbani amsaidie kueleza.

Tukiona mahitaji hayapo, tusimkasirikie mhudumu. Twende tukaulize serikali ya kijiji na zahanati kwa nini hayapo.

JAMBO LA PILI: UFANYAJI WA KAZI

Hapa ndipo mimi nilipokosea. Nilihesabu safari za mhudumu. Sikuuliza akifika anafanya nini.

Mhudumu mzuri akifika hufanya haya:

Humwona mgonjwa mwenyewe. Haishii uani. Huomba ruhusa, huingia, humsalimu, hukaa.

Hunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kumgusa, na hunawa tena akimaliza.

Hutazama ngozi ya mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Sehemu za kutazama ni zile zenye mfupa karibu na ngozi: juu ya matako, nyonga, visigino, viwiko, mabega, na nyuma ya kichwa. Dalili ya kwanza ya kidonda ni ngozi kubadilika rangi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mahali pale huweza kuwa peusi zaidi, au pa moto, au pagumu, au mgonjwa husema panauma. Ukiona hivyo, usimlaze tena upande ule mpaka pawe pazuri.

Huuliza ni nani anamgeuza mgonjwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa 2. Usiku watu wa nyumbani wapange zamu. Kama desturi inamzuia mkwe, atafutwe mwingine: mwana, mjukuu wa kiume, au jirani. Tusivunje heshima ya nyumba. Lakini heshima isiwe sababu ya mzee kuoza mgongo.

Huwafundisha wenye nyumba. Yeye huja mara moja kwa wiki. Wao wako na mgonjwa siku zote. Huwaonyesha namna ya kumwogesha, kumkausha vizuri, na kunyoosha shuka lisiwe na mikunjo. Huwaonya wasimkalishe mgonjwa juu ya tyubu ya gurudumu. Watu wengi hudhani tyubu inasaidia, kumbe inabana damu pembeni mwa kidonda. Huwaonya pia wasisugue mahali palipobadilika rangi, na wasitie majivu wala majani kwenye kidonda.

Huuliza habari za chakula. Aliyepata kiharusi hupaliwa kwa urahisi. Asilishwe amelala. Akalishwe wima, apewe kijiko kidogo kidogo, amalize kumeza kwanza. Uji wenye karanga zilizosagwa ni mzuri. Dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika hujenga mwili na kusaidia vidonda kupona. Samaki atolewe miiba yote.

Hutazama dawa. Huomba kuziona, huzihesabu, huuliza zinavyomezwa. Hapa nitoe mfano wa kifua kikuu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Moja ya dawa zake, iitwayo rifampisini, hugeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa. Mgonjwa asiyeelezwa huona mkojo wake, akadhani ni damu, akaogopa, akaacha dawa. Akiacha dawa, ugonjwa hurudi, na safari hii huweza kuwa sugu. Maneno machache ya mhudumu siku ya kwanza yangemwokoa. Maneno hayo ni sehemu ya huduma kama vidonge vyenyewe.

Mwisho, mhudumu mzuri hutunza siri. Aliyoyaona ndani ya nyumba hayasemi kisimani wala kilabuni. Kwa wenye virusi vya UKIMWI, kutunza siri ni sheria. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2008. Mhudumu anayetoa siri huweza kumfanya mgonjwa aache dawa kwa aibu.

JAMBO LA TATU: MATOKEO

Matokeo ni yale yanayompata mgonjwa. Je, maumivu yamepungua? Je, ngozi ni nzima? Je, ni msafi? Je, anakula? Je, dawa hazikatiki? Kwa mwenye kifua kikuu, je, makohozi yake yalipimwa tena mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, na majibu yakoje?

Lakini hapa tuwe waangalifu. Wapo wagonjwa ambao hawatapona. Mama mwenye saratani iliyoenea anaweza kufariki hata kama mhudumu amefanya kazi yake vizuri kabisa. Tusiseme, "Mgonjwa amekufa, basi huduma ilikuwa mbaya." Kwa mgonjwa kama huyo tuulize: Alipunguziwa maumivu? Aliogeshwa? Aliachwa peke yake? Alipata kusema na watu wake? Kufa katika usafi na heshima, bila maumivu makali, nako ni matokeo mema.

Na kinyume chake, yupo mgonjwa anayepona ingawa mhudumu hakufanya kitu. Huyo ni kama shamba lisilopaliliwa likapata mvua nzuri. Tusimsifu mhudumu kwa mvua.

MASWALI 10 NA PUNJE ZA MAHINDI

Sasa tufanye kazi. Huna haja ya kuwa daktari ili kupima huduma. Unahitaji bakuli, punje 10 za mahindi, na maswali haya. Waulize wenye nyumba, na kwanza kabisa mwulize mgonjwa mwenyewe. Tuna methali isemayo, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mgonjwa apewe uji bila kusumbuliwa kwa maswali. Ni sawa kwa uji. Lakini kwa huduma anayopewa, mgonjwa aulizwe. Mwenye mwili ndiye anayejua.

Kila jibu la "Ndiyo", tia punje moja ndani ya bakuli. Jibu likiwa "Hapana", weka punje pembeni na andika namba ya swali.

1. Je, mhudumu huja siku aliyoahidi?

2. Je, humwona mgonjwa mwenyewe kwa macho, badala ya kuulizia uani?

3. Je, husema na mgonjwa kwa lugha anayoielewa, na kwa heshima?

4. Je, hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa?

5. Je, huchunguza mwili wa mgonjwa, hasa ngozi ya mgonjwa asiyeweza kujigeuza?

6. Je, dawa za mgonjwa zimekuwapo bila kukatika mwezi uliopita?

7. Je, amewafundisha wenye nyumba kumtunza mgonjwa, na anajua ni nani anayefanya kazi hiyo?

8. Je, wenye nyumba wanajua dalili za hatari na mahali pa kukimbilia?

9. Je, mhudumu hutunza siri za mgonjwa?

10. Je, mgonjwa mwenyewe anasema huduma hii inamsaidia?

Kuhusu swali la 8, dalili za hatari ni kama hizi: mgonjwa kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, homa kali, kutapika kila kitu, kukohoa damu, kushindwa kukojoa, kidonda kinachonuka au kinachotoa usaha. Kwa anayemeza dawa za kifua kikuu, macho kuwa ya njano ni dalili ya hatari pia. Mgonjwa mwenye dalili hizi asingoje siku ya mhudumu. Apelekwe zahanati au hospitali upesi.

USIHESABU PUNJE TU

Hesabu peke yake huweza kudanganya, kama vema zangu 8 zilivyonidanganya. Tazama mfano huu.

Nyumba ya kwanza ina punje 8. Waliojibu "Hapana" ni swali la 2 na la 6. Yaani mhudumu hamwoni mgonjwa, na dawa zilikatika.

Nyumba ya pili ina punje 7. Waliojibu "Hapana" ni swali la 1, la 3 na la 7. Yaani mhudumu huchelewa, hajui lugha vizuri, na hajamaliza kufundisha.

Ukihesabu tu, utasema nyumba ya kwanza ina huduma bora, kwa sababu 8 ni zaidi ya 7. Lakini mgonjwa aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule wa nyumba ya kwanza. Dawa zake zimekatika na hakuna anayemwona.

Kwa hiyo maswali ya 2, 6 na 8 tuyaite maswali ya lazima. Likipatikana "Hapana" katika moja ya hayo, usijumlishe. Shughulikia tatizo hilo kwanza, siku hiyo hiyo. Kisha ndipo urudi kwenye hesabu.

TUENDE NYUMBA ZIPI?

Kamati ya zahanati au serikali ya kijiji ikitaka kupima huduma, isimwombe mhudumu aipeleke kwenye nyumba anazozitaka. Atawapeleka mahali pazuri. Hata wewe mgeni akija shambani kwako, humwonyeshi kwanza sehemu yenye magugu.

Fanyeni hivi. Mganga wa zahanati aandike namba za wagonjwa katika vikaratasi. Asiandike majina. Avikunje, avitie kofiani, atoe vikaratasi 5 bila kutazama. Kisha aongeze nyumba 2 zilizo mbali kuliko zote. Kwa kawaida huduma huanza kufa mbali, ng'ambo ya mto na kwenye kambi za mashambani. Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia huko, na mgonjwa huweza kuachwa kijijini na watoto wadogo au bibi. Mhudumu asiyejua kwamba familia imehama, hawezi kujua kwamba mgonjwa hana wa kumgeuza.

Mganga awaombe ruhusa wagonjwa hao kwanza. Anayekataa aachwe, wala asiulizwe sababu. Mtu anayekwenda kuuliza awe mmoja au wawili tu, watu wazima wanaoaminika. Wasiulize jina la ugonjwa. Wanapima huduma, hawapimi mgonjwa. Na mhudumu asiwepo wakati wa maswali. Watu wetu wana adabu, hawawezi kumsema mtu mbele yake. Watasema "anakuja, anatusaidia," hata kama hawajamwona mwezi mzima.

Baada ya hapo, linganisheni majibu na daftari la mhudumu. Kama daftari linasema "ametembelewa" na nyumba inasema "hatukumwona", jueni kuna tatizo. Kama vyote vinasema ametembelewa, msiishie hapo. Ulizeni swali nililosahau kuuliza mimi: "Alipofika, alifanya nini?"

BAADA YA KUPIMA

Kupima bila kutengeneza ni kazi bure. Mtu akipima unga ukapungua, huenda kusaga.

Majibu yakipatikana, kaeni na mhudumu. Msimwite kama mshitakiwa. Mwulizeni, "Kitu gani kinakuzuia?" Mara nyingi mtakuta sababu. Hana mipira ya mikono. Baiskeli imevunjika. Ana wagonjwa wengi kuliko siku za wiki. Hakufundishwa kutazama mgongo. Yule mhudumu wa hadithi yangu aliniambia, "Daktari, hakuna aliyewahi kuniambia nimfunue mgonjwa. Niliona ni aibu kumfunua mzee." Alisema kweli. Kosa lile lilikuwa la zahanati kabla halijawa lake.

Tulibadilisha daftari. Zamani lilikuwa na safu moja tu: "Ametembelewa." Sasa kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mhudumu huandika mambo mengine 3: "Nimeona ngozi yake," "Anayemgeuza ni nani," na "Dawa zimebaki ngapi." Nami kila mwezi huenda mwenyewe kwenye nyumba 2 kabla ya kutia sahihi. Mhudumu yule bado anafanya kazi, na sasa anafanya vizuri.

Nyumbani kwa mzee, wajukuu wake wawili wa kiume pamoja na jirani mmoja waligawana zamu. Mkwe anapika uji wa karanga, anafua mashuka, na anaangalia saa ya simu. Saa 2 zikipita, anawaita vijana. Heshima yake imebaki palepale, na mgongo wa mzee umepona.

Tatizo likiwa kubwa kuliko uwezo wa mhudumu, lipelekeni kwenye kamati ya zahanati na kwenye mkutano wa kijiji. Semeni juu ya huduma, msitaje wagonjwa kwa majina. Mtu akidai fedha kwa dawa za kifua kikuu, au kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, msilipe. Toeni taarifa. Dawa hizo hutolewa bure.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, usione haya kuuliza na kusema. Huduma ile ni haki ya mgonjwa, na anayeuliza hamdharau mhudumu. Jioni ya leo, kabla hujalala, mgeuze mgonjwa wako utazame mgongo wake. Ukiona ngozi imebadilika, usingoje siku ya mhudumu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chenu, mnajua mhudumu wa afya ni nani? Huja lini?

2. Kwa nini daftari lenye vema 8 halikumsaidia yule mzee?

3. Mkwe hawezi kumvua nguo baba mkwe. Katika desturi zenu, nani anaweza kufanya kazi hiyo? Wakati wa kilimo je?

4. Nyumba moja ina punje 9, lakini swali la 6 limejibiwa "Hapana". Mtafanya nini kwanza?

5. Tajeni jambo moja ambalo kijiji chenu kinaweza kumpatia mhudumu mwezi huu ili afanye kazi yake vizuri zaidi.